HAKI ILIYOCHELEWA

Leo twapenda kumkumbuka mtu ambaye wengi waliookolewa na kazi yake hawakulijua jina lake. Naye ni Waldemar Haffkine, aliyezaliwa mwaka 1860, akasoma elimu ya wanyama katika mji wa Odessa, uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Alikuwa Myahudi. Aliambiwa kwamba cheo cha ualimu angekipata iwapo angeiacha dini ya wazee wake, akakataa. Mwaka 1888 alihama nchi, na mwaka uliofuata akapokelewa katika chuo cha Pasteur mjini Paris, si kama mtaalamu, bali kama mtunza vitabu.

Hakuidharau kazi hiyo, wala hakuiacha elimu yake. Julai 1892 alijidunga mwenyewe dawa ya kukinga kipindupindu aliyoitengeneza, kisha mwaka 1893 akaenda Bara Hindi. Machi 1894 ugonjwa huo ulizuka katika mtaa mmoja wa maskini wa Calcutta wenye watu wapatao 200. Waliochanjwa walikuwa 116. Baadaye waliugua watu 10, wakafa 7. Na wote 10 walikuwa miongoni mwa wale wasiochanjwa.

Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay. Haffkine alipewa chumba kimoja na ujia, karani mmoja na watumishi watatu. Kwa vyombo hivyo haba, katika muda wa miezi mitatu, dawa ya tauni ilikuwa tayari; na tarehe 10 Januari 1897 aliijaribu tena katika mwili wake mwenyewe kwanza.

Ndipo msiba ukatokea. Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal huko Punjab, watu 107 walichanjwa. Kati yao 19, waliochanjwa kwa dawa ya chupa moja, walikufa kwa pepopunda. Kilio cha jamaa zao kilistahili jibu la kweli. Lakini tume ya serikali ya kikoloni iliitupia lawama maabara ya Bombay, na Haffkine, mgeni asiye hata daktari, akasimamishwa kazi.

Ushahidi ulipochapishwa, wataalamu waliusoma neno kwa neno. Wakaona kwamba pale kijijini koleo dogo la kufungulia chupa lilianguka chini, likatumiwa bila kusafishwa ipasavyo. Mwaka 1907 Ronald Ross na wenzake walimtetea hadharani katika gazeti la London, na mwaka huo huo serikali ikamwondolea lawama. Alirudi kazini Calcutta, lakini uongozi wa maabara aliyoianzisha hakurudishiwa. Mwaka 1925 maabara hiyo ilipewa jina lake. Mwaka 1930 akafariki dunia huko Lausanne, Uswisi.

Sisi twaona funzo kubwa hapa kwa kila mfanya kazi na kwa kila mwenye madaraka. Ajali ikitokea kazini, kumpata wa kulaumiwa si sawa na kuipata sababu. Laiti koleo lile lingetajwa mapema, wachanjaji wengine wangalionywa mapema. Na jina la mtu mwema lisingalichafuliwa miaka minne. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na mpeni angali hai, angali na nguvu za kufanya kazi.