Daktari Aliyempanda Punda Milia

Wazee wa Kiziba walilijua vema jina la rubwunga, ugonjwa wa mitoki uliowaua watu wengi. Mwaka 1898 Robert Koch, mtaalamu wa Kidachi, alithibitisha ya kuwa rubwunga ndiyo tauni, ile ile iliyoisumbua Bara Hindi. Kwa hiyo twaona yafaa sisi wa Kashai na Bukoba yote tumkumbuke daktari mmoja aliyekutana na tauni hiyo ng'ambo ya Ziwa, huko Nairobi. Jina lake ni Dr. Rosendo Ayres Ribeiro.

Alizaliwa Goa, katika pwani ya Bara Hindi, nchi iliyotawaliwa na Wareno siku zile. Alifika Nairobi mwaka 1900, reli ilipokuwa imekwisha kufika pale mwaka uliotangulia. Mji ulikuwa bado mchanga: kituo cha reli, mahema, vibanda vya mabati, na matope mengi wakati wa mvua. Ribeiro naye akaanza kuwatibu watu hemani.

Wagonjwa walikaa mbalimbali, na motokaa hazikuwapo. Farasi waliletwa, lakini wengi walikufa kwa maradhi ya nchi. Punda milia huyastahimili maradhi hayo, ila ni mnyama mkali, aumaye na kupiga mateke, na wachache sana wamefaulu kumzoeza. Ribeiro akampata mmoja aliyefugwa, akamtia matandiko na hatamu, akampanda akienda kuwatazama wagonjwa wake. Baadaye mnyama huyo aliuzwa, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Bombay.

Lakini jambo lake kubwa ni jingine. Mwaka 1902 aliwapima wagonjwa wawili, akatambua ya kuwa wana tauni. Hakulificha neno hilo, bali aliwaarifu wakuu wa serikali. Basi amri ikatoka, na soko la Wahindi likachomwa moto ili ugonjwa usienee. Leo twajua ya kuwa viroboto wa panya ndio waletao tauni. Na panya walikuwa wengi katika vibanda vile vilivyosongamana. Wenye maduka walipata hasara kubwa, nao walikuwa jirani zake. Hata mahali pake mwenyewe pa kutibia pakateketea pamoja na soko. Baadaye serikali ikampa ardhi.

Ribeiro hakuihama Nairobi. Alitoa fedha kwa ajili ya shule ya Wagoa huko Parklands, nayo ikaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1951.

Watu wanaomtaja hupenda kusimulia habari za punda milia, nasi tumezifurahia pia. Walakini kumpanda mnyama mkali ni kazi ya mikono na magoti. Kuutangaza ugonjwa, iwapo habari hiyo itawaumiza jirani zako na wewe mwenyewe, ni kazi ya moyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Naye Ribeiro hakuyaficha.