Mosso, mwana wa seremala aliyefuata nyayo za damu ubongoni

DAKTARI wa leo anapotaka kujua ni sehemu ipi ya ubongo inayofanya kazi, humlaza mgonjwa ndani ya mtambo wa sumaku na kutazama damu inavyoelekea sehemu hiyo. Ni wachache wanaofahamu kuwa njia hiyo ilifunguliwa na mwana wa fundi seremala.

Angelo Mosso alizaliwa Mei 30, 1846 mjini Turin, Italia. Licha ya uchochole wa wazazi wake, alisomea udaktari na kuhitimu mnamo 1870. Baadaye alinolewa na wataalamu wa Florence na Leipzig, na mwaka 1879 akawa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Turin.

Mnamo 1877 mkulima mmoja aliangukiwa na tofali lililomtoboa fuvu la kichwa. Kupitia tundu hilo, Mosso alinakili mapigo ya ubongo kwa chombo alichokiunda. Kengele za kanisa zilipolia adhuhuri, mapigo yaliongezeka. Yaliongezeka pia mkulima alipoambiwa azidishe 8 kwa 12.

Je, si moyo tu uliokwenda mbio? Mosso aliliwazia hilo, akaupima na mkono. Mkono haukuonyesha mabadiliko kama hayo. Damu, basi, ilikuwa imeitwa na ubongo wenyewe.

Ili kuwapima wenye mafuvu mazima, aliunda mizani ya kulaliwa. Alieleza kuwa mtu alipofikiri au kushtuka, upande wa kichwa uliinama. Hata hivyo, mizani hiyo ilikuwa rahisi kuyumba, kwani hata pumzi iliitikisa.

Aidha, Mosso aliandika vitabu kuhusu hofu na uchovu, na akachunguza athari za hewa haba katika mlima Monte Rosa. Alifariki Novemba 24, 1910.

Waliomfuata waliiendeleza kazi. Mnamo 1890 Charles Roy na Charles Sherrington walieleza kuwa ubongo unaofanya kazi hupanua mishipa yake. Mwaka 1990 Seiji Ogawa alionyesha kuwa sumaku yaweza kubaini oksijeni katika damu ya ubongo. Siku hizi darubini za leza huonyesha vishipa vyembamba kuliko unywele vikitanuka punde neva zinaposisimuliwa.

Kwa hivyo, daktari wa upasuaji sasa aweza kujua sehemu za usemi kabla ya kushika kisu, bila kungoja tofali limtoboe mtu kichwa.