Montesquieu: Aliyetaka anayekamata asiwe ndiye anayehukumu

Tukifungulia redio wakati wa vikao vya Bunge, hazipiti siku nyingi kabla ya kusikia neno mhimili. Spika anautaja mhimili wake, waziri anautaja wa kwake, na jaji naye anaomba mhimili wake usiingiliwe. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hulikuta neno hilo hilo kwenye mitihani, likiambatana na jingine, mgawanyo wa madaraka.

Aliyeieleza mihimili hiyo mitatu kwa namna iliyoenea duniani ni Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1755. Aliitwa Charles-Louis de Secondat, lakini ulimwengu unamjua kwa jina la eneo alilorithi kwa baba yake mkubwa: Montesquieu. Hutamkwa karibu na Monteskyu. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, maana ukijua alikopita ni rahisi kuelewa alichokuwa anakiogopa.

Ombaomba awa baba wa ubatizo

Montesquieu alizaliwa tarehe 18 Januari 1689 katika kasri la La Brède, karibu na mji wa Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa. Familia yake ilikuwa ya watu wa tabaka la juu, wenye ardhi na mashamba ya mizabibu. Siku ya kubatizwa kwake, wazazi walimchagua ombaomba mmoja awe baba yake wa ubatizo. Walitaka mtoto akumbuke maisha yake yote kwamba maskini ni ndugu zake.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 7. Alipofika 11 alipelekwa shule ya mapadri huko Juilly, karibu na Paris, kisha akarudi Bordeaux kusomea sheria. Mwaka 1715 alimwoa Jeanne de Lartigue, mwanamke wa Kiprotestanti, wakati ambapo dini hiyo ilikuwa imepigwa marufuku nchini Ufaransa. Bibi Jeanne ndiye aliyesimamia mashamba kila mume wake alipokuwa safarini, na safari hizo zilikuwa ndefu.

Cheo kinachonunuliwa kama shamba

Mwaka 1716 baba yake mkubwa alifariki na kumwachia mali, jina la Montesquieu na kiti cha mmoja wa marais wa mahakama kuu ya Bordeaux. Msomaji asishangae cheo cha jaji kurithiwa. Ufaransa ya wakati huo vyeo vya mahakama vilinunuliwa, viliuzwa na kurithishwa, kama mtu anavyouza au kurithisha shamba.

Mahakama hiyo iliitwa kwa Kifaransa parlement. Jina hilo linawachanganya wanafunzi wengi kwa sababu linafanana na neno la Kiingereza la bunge, lakini halikuwa bunge. Hakuna mwananchi aliyepiga kura kumchagua mtu wa kukaa pale. Ilikuwa mahakama iliyohukumu kesi, na pia kusajili amri za mfalme ili zitumike katika jimbo lake.

Juu ya yote alikuwepo mfalme. Louis wa 14, aliyefariki mwaka 1715, alikaa kwenye kiti cha enzi miaka 72. Mfalme alitunga sheria, alizitekeleza, na majaji walihukumu kwa jina lake. Aliweza pia kutoa barua yenye muhuri wake na mtu akafungwa gerezani bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mwandishi maarufu Voltaire alifungwa katika gereza la Bastille mwaka 1717 kwa sababu ya maandishi ya kuwakejeli wakubwa, akakaa karibu mwaka mzima.

Montesquieu alikaa karibu miaka 10 kwenye kiti cha ujaji katika mazingira hayo. Aliona kwa macho yake nchi ambayo usalama wa raia ulitegemea hali ya moyo wa mtu mmoja.

Waajemi wawili mjini Paris

Mwaka 1721 kilitoka kitabu kisicho na jina la mwandishi. Kiliitwa Barua za Waajemi, na kilichapishwa nje ya Ufaransa ili kukwepa wakaguzi wa mfalme. Kinasimulia habari za wasafiri wawili kutoka Uajemi, yaani Irani ya leo, wanaofika Paris na kuwaandikia watu wa kwao mambo wanayoyaona. Kwa macho ya mgeni, mambo ambayo Wafaransa waliyaona ya kawaida yalianza kuchekesha: mfalme, mapadri, mitindo ya mavazi, fahari za matajiri.

Kitabu kina ncha nyingine kali zaidi. Mmoja wa wasafiri hao, Usbek, anazungumza kwa hekima juu ya haki na uhuru. Lakini nyumbani kwake Isfahan amewaacha wake zake wakiwa wamefungiwa, wakilindwa kwa vitisho. Mwisho wa kitabu nyumba hiyo inalipuka kwa uasi, na mke aliyemwamini kuliko wote anajiua kwa sumu baada ya kumweleza kwamba hakuwahi kumtii moyoni. Mtu anaweza kuulaani udhalimu wa mfalme na papo hapo akawa mdhalimu sebuleni kwake.

Kitabu kilipendwa sana, na haikuchukua muda watu kujua nani amekiandika. Mwaka 1726 Montesquieu aliuza kiti chake cha ujaji. Kazi za kila siku za mahakama zilikuwa zimemchosha, naye alitaka kujua kwa nini sheria za nchi moja hazifanani na za nyingine.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1728 alianza safari ya miaka mitatu. Alipita Austria, Hungaria, Italia, Ujerumani na Uholanzi, akiuliza habari za kodi, majeshi, migodi na mahakama. Mwishoni mwa 1729 alifika London, akakaa huko mwaka mmoja na zaidi.

Alisikiliza mijadala ya bunge. Aliona mfalme ambaye hakuweza kutoza kodi bila wabunge kukubali, na magazeti yaliyowasema viongozi waziwazi. Hakudhani kwamba Waingereza ni malaika. Katika kumbukumbu zake aliandika habari za rushwa aliyoikuta huko, na wabunge wanaonunulika. Lakini aliona kitu ambacho kwao hakikuwepo: mwenye mamlaka akitaka kuvuka mpaka, mwenye mamlaka mwingine aliweza kumzuia.

Kitabu cha miaka 20

Alirudi La Brède, akagawa muda wake kati ya mizabibu na vitabu. Mwaka 1734 alitoa kitabu juu ya kukua na kuanguka kwa dola ya Roma. Huku akiendelea kuandika kazi yake kubwa, macho yakawa yanafifia. Makarani na binti yake Denise walimsomea, naye akawa anatamka maneno wao wakiandika. Kazi yote ilimchukua karibu miaka 20. Mwaka 1748 kitabu cha Roho ya Sheria kilichapishwa mjini Geneva, tena bila jina lake.

Humo alizigawa serikali katika aina tatu. Ya kwanza ni jamhuri, ambamo wananchi wote au baadhi yao ndio wenye mamlaka. Hiyo husimama pale watu wanapoipenda nchi yao kuliko matumbo yao. Ya pili ni ufalme unaofuata sheria; huo husimama juu ya heshima na cheo. Ya tatu ni utawala wa imla, ambamo mtu mmoja anatawala kama apendavyo. Huo husimama juu ya woga. Woga ukiisha, utawala huo huanguka.

Kisha alieleza madaraka matatu. Kuna kutunga sheria. Kuna kutekeleza, ambako ni pamoja na kulinda nchi, kupokea mabalozi, kufanya vita na kufanya amani. Na kuna kuhukumu kesi.

Sababu yake ya kuyatenganisha ilianzia kwa raia wa kawaida. Uhuru, kwa maelezo yake, ni utulivu wa moyo anaoupata mtu asipokuwa na sababu ya kumwogopa mwenzake. Ikiwa anayetunga sheria ndiye anayetekeleza, atatunga za kumkandamiza anayemchukia. Ikiwa anayehukumu ndiye anayetunga sheria, maisha ya mtu yatakuwa mikononi mwa mwamuzi anayebadili sheria kesi ikiendelea. Ikiwa anayehukumu ndiye anayekamata, atakuwa na nguvu za mkandamizaji. Na yote matatu yakiwa mkononi mwa mmoja, kila kitu kimepotea.

Hapa watahiniwa wengi hukosea. Hakusema mihimili ikae kila mmoja chumbani kwake bila kuonana. Alitaka kila mmoja uwe na uwezo wa kuuzuia mwingine, kwa sababu aliamini kila mwenye mamlaka huyatumia mpaka pale anapozuiwa. Mfalme aweze kukataa muswada, na bunge liweze kukagua jinsi sheria inavyotekelezwa.

Uhusiano wa mataifa

Kitabu hicho hakikuishia ndani ya nchi moja. Montesquieu aliandika kwamba mataifa yafanyiane mema mengi kadiri inavyowezekana wakati wa amani, na mabaya machache kadiri inavyowezekana wakati wa vita. Aliona biashara kama njia ya amani, kwa kuwa mmoja ana haja ya kununua na mwingine ana haja ya kuuza. Aliona pia kwamba nchi ndogo zinaweza kuungana katika shirikisho, zikapata nguvu za nchi kubwa dhidi ya adui bila kila moja kupoteza utawala wake wa ndani.

Upungufu wake

Tunamsimulia mtu, si malaika. Alidai kwamba hali ya hewa huunda tabia za watu, na kwamba joto huwafanya watu wawe wavivu na waoga. Dhana hiyo ilitumika baadaye kuwadharau watu wa Afrika na Asia.

Kuhusu utumwa, Bordeaux ilikuwa bandari iliyotajirika kwa biashara hiyo. Montesquieu aliandika kwamba utumwa ni mbaya kwa asili yake. Katika sura moja aliwakejeli wanaoutetea, akizipanga hoja zao ili upuuzi wake uonekane, na baadhi ya wasomaji wakadhani ni hoja zake mwenyewe. Hata hivyo, alikubali kwamba katika nchi za joto kali huenda utumwa ukawa na sababu yake. Hapo kejeli na kauli zake nyingine havikukaa pamoja.

Kanisa Katoliki lilikiweka kitabu chake kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1751. Yeye alifariki mjini Paris kwa homa tarehe 10 Februari 1755, akiwa na miaka 66 na karibu kuwa kipofu.

Mawazo yake yanafikaje kwetu

Marekani ilipoandika katiba yake mwaka 1787, waandishi wake walikuwa wamemsoma Montesquieu. Miaka miwili baadaye, Tamko la Haki la Ufaransa lilisema kwamba jamii isiyogawanya madaraka haina katiba.

Tanganyika chini ya Waingereza ilionja kinyume chake. Mkuu wa wilaya, ambaye wazee walimwita Bwana Shauri, alikuwa mtawala na papo hapo hakimu. Chifu chini yake alikusanya kodi na pia alikaa barazani kuhukumu. Aliyedaiwa kodi aliweza kujikuta mbele ya mtu yule yule anayeidai. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa na mahakama zikaunganishwa katika mfumo mmoja, mahakama za mwanzo zikiwa ngazi yake ya chini.

Leo Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inagawa kazi za dola: utendaji, utoaji haki, na utungaji wa sheria pamoja na usimamizi. Dola, kwa faida ya watahiniwa, ni hiyo mihimili yote kwa pamoja, ikiwa na ardhi, watu na mamlaka juu yao. Serikali, kwa maana finyu, ni mhimili mmoja tu, ule wa utendaji.

Mgawanyo haufanani kila mahali. Tanzania mawaziri wanatoka miongoni mwa wabunge, na Rais mwenyewe ni sehemu moja ya Bunge. Kenya, chini ya katiba ya mwaka 2010, waziri hawezi kuwa mbunge. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, ikaagiza urudiwe. Mhimili mmoja uliuzuia mwingine mbele ya macho ya nchi nzima.

Mjadala haujaisha. Sheria ya Tanzania inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuagiza mtu anayehatarisha amani akamatwe, lakini mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 au aachiwe. Wapo wanaosema uwezo huo unahitajika ili kulinda utulivu, na wapo wanaosema unampa mtendaji kazi isiyo yake. Montesquieu angeuliza swali moja: saa hizo 48 zikiisha, nani mwingine anaufungua mlango?