Antoine Lavoisier na Majina ya Maada: Maisha ya Mwanakemia na Funzo Lake kwa Waunda Istilahi

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi huishia mara nyingi katika swali moja: je, lugha hii ina majina ya kutosha? Kwa kawaida hatujiulizi lugha zinazosifiwa kwa sayansi zilipata vipi majina yake. Makala haya yanasimulia maisha ya Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye wengi humwita baba wa kemia ya kisasa, kwa nia ya kuonyesha kwamba kemia yenyewe ilianza upya pale watu wachache walipoketi na kuisuka lugha yake. Mifano imetolewa Kabuchai, katika kaunti ya Bungoma, kwa kuwa mambo aliyoyachunguza Lavoisier hutendeka huko kila siku, darasani na nje ya darasa.

Malezi na Elimu

Lavoisier alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye uwezo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano tu, akalelewa katika nyumba ya upande wa mama. Alisoma katika Chuo cha Mazarin, kisha akafuata nyayo za baba yake na kuhitimu sheria mwaka 1764. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa umekwisha kutekwa na jiolojia, hisabati na kemia. Mwaka 1768 alichaguliwa kujiunga na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mwaka huohuo alifanya uamuzi mwingine uliokuja kumgharimu uhai. Alinunua hisa katika kampuni binafsi iliyopewa na mfalme haki ya kukusanya kodi za chumvi, tumbaku na bidhaa nyinginezo. Mapato hayo ndiyo yaliyomnunulia vyombo vya maabara ambavyo wenzake hawakuweza kuviota. Kupitia kampuni hiyo alimfahamu Marie-Anne Paulze, binti wa mmoja wa wakusanyaji kodi, wakaoana mwaka 1771. Bibi arusi alikuwa na miaka 13, bwana 28. Marie-Anne alijifunza kemia, akawa anamtafsiria mumewe maandishi ya Kiingereza, akichora vyombo vya maabara na kuandika matokeo ya majaribio. Kwa ufupi, nyuma ya mapinduzi ya kemia alikuwapo mfasiri.

Mizani na Fumbo la Moto

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lavoisier aliichukulia maada kama mhasibu anavyoichukulia mali. Kila kilichoingia katika chombo kilipimwa, na kila kilichotoka kilipimwa. Mapema katika kazi yake alichemsha maji katika chombo cha kioo kilichozibwa kwa siku 101. Wakati huo wako walioamini kwamba maji yaweza kugeuka udongo, kwa sababu chembechembe huonekana chini ya chombo baada ya kuchemsha kwa muda mrefu. Lavoisier alipima chombo na kukuta kimepungua uzito. Udongo ule ulitoka katika kioo, si katika maji.

Fumbo kubwa zaidi lilikuwa moto. Wanakemia wa karne ya 18 walishikilia kwamba kila kinachoungua kina kitu kiitwacho flojistoni, na kwamba kuungua ni kuipoteza flojistoni hiyo. Ukitazama kuni zikibaki majivu machache, maelezo hayo yanaridhisha. Lakini metali zikichomwa huongezeka uzito. Mwaka 1772 Lavoisier aligundua kwamba salfa na fosforasi nazo huongezeka uzito zinapoungua. Miaka miwili baadaye alipasha moto bati na risasi katika vyombo vilivyozibwa. Uzito wa jumla haukubadilika hata kidogo mpaka chombo kilipofunguliwa na hewa ikaingia kwa kishindo. Basi metali ilikuwa imechukua kitu kutoka katika hewa.

Kitu hicho kilikuwa nini? Mwezi Oktoba 1774 mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley alizuru Paris na kueleza jinsi alivyopata hewa ya ajabu kutokana na unga mwekundu wa zebaki, hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden naye alikuwa ameipata hewa hiyo kwa njia yake mwenyewe. Lavoisier alirudia majaribio, akaona ni sehemu hiyo ya hewa inayoungana na vitu vinapoungua, na akaipa jina tunaloliandika leo oksijeni. Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kuiona, na wenzake walilalamika kwamba hakuwa mwepesi wa kuwashukuru. Alichokuwa wa kwanza kufanya ni kuielewa.

Mkulima wa Kabuchai anaujua ukweli huu kwa macho. Bati la paa lisiloangaliwa hushika kutu, na jembe lililoachwa mvuani vilevile. Tunasema kutu inakula chuma, kana kwamba chuma kinapungua. Kwa mizani ya Lavoisier, chuma pamoja na kutu yake kimeongezeka, maana kimebeba oksijeni. Jembe ni jepesi baadaye kwa sababu tu kutu imebanduka na kuanguka.

Mwaka 1783 alionyesha kwamba maji, yaliyohesabiwa tangu zama za Wagiriki kuwa kitu kisichogawanyika, ni muungano wa hidrojeni na oksijeni. Hapa pia jaribio la msingi la kuunguza hidrojeni lilikuwa la mwingine, Henry Cavendish wa Uingereza.

Lugha Mpya ya Kemia

Kufikia hapo ujuzi ulikuwa umelitangulia neno. Kemia ilijaa majina yaliyotungwa kwa rangi, kwa mahali au kwa mtu: mafuta ya vitrioli, maua ya zinki na mengine ya aina hiyo. Mwanafunzi aliyakariri bila kujua kilichomo ndani ya vitu. Mwaka 1787 Lavoisier, pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, alichapisha mfumo mpya wa majina. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: jina la kampaundi litaje elementi zilizoiunda. Maua ya zinki yakawa oksidi ya zinki. Viambishi tamati vikapewa kazi ya kutofautisha ndugu wa karibu, kama salfeti na salfaiti. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba hii ilikuwa mofolojia iliyotiwa katika huduma ya sayansi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1789, alitoa kitabu chake kikuu cha misingi ya kemia. Humo aliifafanua elementi kuwa kitu ambacho uchanganuzi haujaweza kukigawa zaidi, akaorodhesha 33. Humo pia aliieleza kanuni kwamba katika badiliko lolote maada haiumbwi wala haipotei, na mahali alipoiweka ni katika sura ya uchachukaji, sukari inapogeuka kileo na hewa ukaa. Mama wa Kibukusu anayetengeneza busaa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi anaona mapovu yaleyale. Wanga wa nafaka hugeuzwa sukari na kimea, sukari hugeuzwa kileo, na hewa ukaa hutoka povuni. Yeye na Lavoisier walitazama badiliko moja. Tofauti yao ni mizani na istilahi.

Lakini orodha ile ilikuwa na makosa. Iliingiza nuru na joto miongoni mwa elementi, pamoja na chokaa, ambayo Humphry Davy alionyesha mwaka 1808 kuwa ina metali ndani yake. Hata jina oksijeni lilikosewa. Kwa Kigiriki maana yake ni kizaa asidi, kwani Lavoisier aliamini kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 Davy alithibitisha kwamba asidi ya haidrokloriki haina. Jina halikufutwa. Maana ya asili ilikufa, istilahi ikaishi.

Kodi, Mapinduzi na Kifo

Huku nje ya maabara Lavoisier alikuwa mtu wa serikali. Tangu mwaka 1775 alisimamia utengenezaji wa baruti, na baadaye alishiriki katika kazi iliyozaa mfumo wa vipimo vya metriki. Alipendekeza pia ukuta wa kuizunguka Paris ili bidhaa zisiingizwe kwa magendo, jambo lililowachukiza wakazi. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalipogeuka utawala wa hofu, wakusanyaji kodi hawakusahauliwa. Alikamatwa Novemba 1793. Miongoni mwa mashtaka, kampuni ilidaiwa kutia maji katika tumbaku ya wananchi. Tarehe 8 Mei 1794 alihukumiwa na kukatwa kichwa kwa gilotini siku hiyohiyo, pamoja na baba mkwe wake na wenzao wengine. Alikuwa na miaka 50. Maneno makali ya dharau kwa sayansi ambayo huwekwa kinywani mwa hakimu hayana ushahidi wa kutegemewa.

Si rahisi kumlilia bila kuwakumbuka maskini waliolipa kodi ya chumvi iliyonunua mizani yake. Wala si rahisi kuwatetea waliomuua. Mjane wake alipigania karatasi zake, akazichapisha, na kuishi hadi mwaka 1836.

Hitimisho

Maisha haya yanatuachia nini sisi wa Kiswahili? Kwanza, upungufu wa majina si upungufu wa lugha. Kifaransa cha mwaka 1780 kilikuwa na upungufu uleule. Pili, istilahi njema hutokana na kukijua kitu. Sisi husema barafu inayeyuka na sukari inayeyuka katika chai, ingawa la kwanza ni badiliko la hali ya kitu kimoja na la pili ni mchanganyiko wa viwili. Neno kumumunyika lipo, nalo laweza kulichukua jukumu la pili. Vivyo hivyo chuma hutumiwa kwa metali yoyote, na risasi ni metali na pia kitu kitokacho katika bunduki. Katika shule za sekondari za Kenya kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kabuchai huyavuka mambo haya bila lugha anayoiongea sokoni Chwele kumsaidia kuyapambanua. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana.

Tatu, tusingoje istilahi isiyo na dosari. Oksijeni ni jina lililokosewa, na ulimwengu mzima unalitumia. Kinachotakiwa ni mwanakemia na mwanaisimu kuketi meza moja, kama wale wanne walivyoketi Paris, wapime kitu kwanza, kisha wakipe jina.