Imamu Shafi na Sheria Alizozihifadhi

Kama nyumbani kwako yuko kijana anayesoma sheria chuo kikuu hapa Bukavu, unaijua sauti ile ya saa nane usiku: silabi inarudiwa mstari kwa mstari, maana kesho anaingia mtihani bila kitabu. Ijumaa hii umjue aliyepita njia hiyo zamani, Imamu Muhammad bin Idris Shafi, ambaye madhehebu yake yameshika pwani yote ya Waswahili.

Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767). Baba alifariki yeye akiwa mdogo, mama akamhamishia Makka. Pesa ya kumlipa mwalimu haikuwepo. Mwalimu akaridhika kumfundisha bure, mradi mtoto awasimamie wenzake yeye anapotoka. (Sisi wa madrasa tunalifahamu hili: anayewasahihisha wenzake ndiye anayehifadhi zaidi.) Karatasi ilikuwa ghali, akaandika juu ya mifupa. Wanasimulia kwamba Kurani aliimaliza ana miaka 7, na Muwatta ya Imamu Malik, kitabu kizima cha hadithi na hukumu, ana miaka 10.

Angalia sasa alichofanya. Hakutosheka kuwa nayo kichwani. Alisafiri hadi Madina, akamsomea Malik mwenyewe kwa moyo, akakaa kwake akitafuta maana, hadi Malik alipofariki mwaka 179 (795). Halafu Baghdad akasoma kwa Muhammad bin Hasan Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, yaani kwa watu waliobishana na mwalimu wake wa kwanza!

Alipohamia Misri alikaribia miaka hamsini, jina limeshakuwa kubwa. Huko alizipitia upya hukumu zake, nyingine akaziacha, na kitabu chake Risala akakiandika upya. Ndiyo maana wanachuoni hutaja kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Si rahisi kuwaambia wanafunzi wako kwamba ulilowafundisha jana umelibadilisha. Mimi imamu najua.

Na kijana wako yamemfikia hayo. Sheria ya familia ya Congo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mikataba. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaiondoa ruhusa hiyo. Aliyekariri vifungu tu, bila kujua vilitoka wapi, ilimbidi aanze kukariri tena.

Imamu alifariki Misri mwaka 204 (820), na kaburi lake liko Cairo.