Mansa Musa: Tajiri wa dhahabu aliyerudi kwao na deni

MPENZI msomaji, kama umewahi kurudi kwenu baada ya miaka mingi ugenini, unajua kuwa siku za mwanzo ndizo za gharama kubwa. Kila mtu anakuja kukuona, na wengi hutazama mkono wako kabla ya kutazama uso.

Baba yangu mdogo alirudi Burundi kutoka Kigoma akiwa na fedha alizopata kwa kuuza mbuzi na baiskeli mbili. Aligawa kwa ndugu, akagawa kwa majirani, akasifiwa sana. Mwezi haukuisha akaanza kukopa kwa mtu mmoja pale mpakani, na riba ikapanda mpaka tukauza kipande cha shamba ili kulimaliza deni. Huyo mkopeshaji simtaji.

Kila nikikumbuka habari hiyo namkumbuka mtu mwingine, mkubwa mno kuliko baba mdogo, ambaye yalimkuta yale yale miaka 700 iliyopita. Huyo ni Mansa Musa, mfalme wa Mali, na wiki hii nakuletea maisha yake.

Kwanza tujue dola yenyewe. Kabla ya Mali kulikuwa na Ghana ya kale, ambayo haikuwa mahali ilipo Ghana ya leo. Ilikuwa kaskazini zaidi, kwenye mpaka wa Mauritania na Mali za sasa. Wafalme wake hawakuwa wachimbaji wala wafanyabiashara wakubwa. Walikaa katikati ya njia na kutoza ushuru.

Al-Bakri, mwandishi wa Kiarabu wa Hispania, aliandika mwaka 1068 kuwa punda mmoja mwenye mzigo wa chumvi alilipiwa dinari moja ya dhahabu akiingia Ghana na dinari mbili akitoka. Wewe unayevuka Kobero na magunia yako utaona kuwa ushuru wa mpakani si jambo la jana.

Ghana ilipodhoofika, Sundiata Keita aliunganisha Wamandinka na kumshinda Sumanguru kwenye vita vya Kirina, karibu mwaka 1235. Hapo ndipo Mali ilipoanza. Mansa maana yake ni mfalme, na Musa, aliyetoka katika ukoo huo huo, alishika kiti karibu mwaka 1312.

Alichorithi kilikuwa biashara ya vitu viwili, dhahabu ya kusini na chumvi ya kaskazini. Dhahabu ilitoka Bambuk na Bure. Chumvi ilikatwa vipande vikubwa kama mbao huko Taghaza, katikati ya Sahara, mahali ambapo hata nyumba zilijengwa kwa chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Waliochimba walikuwa watumwa, na hilo lazima lisemwe.

Faida yake ilikuwa kubwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alikuta mzigo wa chumvi ukiuzwa mithkali 8 hadi 10 pale Walata, mlangoni mwa jangwa. Ulipofika mji mkuu wa Mali uliuzwa 20 hadi 30, na wakati mwingine 40. Mithkali moja ilikuwa dhahabu ya gramu nne na kidogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wafalme wa Mali hawakuwatawala wachimba dhahabu moja kwa moja. Inaelezwa kuwa kila walipojaribu kuwalazimisha kuingia katika Uislamu, uchimbaji ulishuka. Basi waliwaacha na dini yao, wakachukua kodi.

Mwaka 1324 Musa aliamua kwenda kuhiji Makka. Alikatisha jangwa na msafara ambao idadi ya watu wake inatajwa kwa namna nyingi, wengine wakifika 60,000. Al-Umari, aliyeandika miaka michache baadaye kwa kuwauliza walioshuhudia, anataja mizigo 100 ya dhahabu.

Alipofika Cairo aliambiwa kuwa anayeingia kwa Sultani al-Nasir Muhammad sharti aibusu ardhi. Musa alikataa. Baadaye akapata njia ya kulinda heshima yake. Aliinama na kutamka kwamba anamsujudia Mungu aliyemuumba. Sultani aliridhika na kumpa mavazi ya heshima.

Kisha akaanza kugawa. Wakubwa wa ikulu, maofisa na wahudumu, hakuna aliyekosa. Watu wake nao waliingia sokoni kununua nguo na vitu vya Misri bila kujua bei. Wafanyabiashara wa Cairo waliwaona wageni hao kuwa watu wanyofu, nguo ya dinari moja wakawauzia kwa dinari tano, nao wakalipa bila ubishi.

Dhahabu ilipojaa mjini ikapoteza thamani. Kabla ya msafara ule, kwa mujibu wa al-Umari, mithkali moja haikuwa ikishuka chini ya dirhamu 25 za fedha. Baada yake haikuzidi 22, na hali ilikuwa hivyo hivyo miaka kama 12 baadaye. Wapo wanahistoria wa leo wanaosema kuwa bei ya dhahabu Cairo ilikuwa ikipanda na kushuka kwa sababu nyingine pia. Hata hivyo, sisi tunaosimama na wabadilisha fedha kila asubuhi hatushangai kuwa bidhaa ikizidi, bei huanguka.

Aliporudi kutoka Makka, Musa alikuwa ameishiwa. Mbele yake kulikuwa na jangwa lote na maelfu ya watu wa kulisha. Ikabidi akope kwa wale wale waliokula dhahabu yake. Inasimuliwa kuwa kwa kila dinari 300 walizokopesha, walipata faida ya dinari 700.

Mmoja wa wakopeshaji alikuwa Siraj al-Din ibn al-Kuwayk, mfanyabiashara mkubwa wa Alexandria. Alimtuma wakala kwenda Mali kudai, naye wakala akabaki huko huko. Siraj al-Din akafunga safari mwenyewe pamoja na mwanawe. Alifika Timbuktu, akapokewa na kulishwa, na usiku ule ule akafa.

Watu walinong'ona kuwa amepewa sumu. Mwanawe alikanusha, akieleza kuwa walikula chakula kimoja na kama kingekuwa na sumu naye angekufa. Akaendelea na safari hadi mji mkuu, akalipwa deni la baba yake, akarudi Misri. Ibn Battuta aliliona kaburi la mzee huyo Timbuktu. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu Musa na utawala wake. Mdai alikuwa mgeni, yatima na mbali na kwao, lakini haki yake ilitoka.

Pia Musa hakurudi na deni tu. Alirudi na vitabu, wanachuoni, na mshairi mmoja wa Andalusia aitwaye al-Sahili. Huyo anatajwa kujenga ukumbi wa mfalme, na kwa simulizi za wengi, msikiti wa Djinguereber huko Timbuktu, unaosimama hadi leo. Timbuktu ikawa mji wa elimu uliosifika kote Sahara.

Musa alifariki karibu mwaka 1337. Mwaka 1375 wachora ramani wa Majorca walimchora ameketi na kipande cha dhahabu mkononi. Tangu mwaka 2012 zimeenea habari kuwa alikuwa na dola bilioni 400. Mimi hesabu hiyo siiamini, kwa kuwa hakuna daftari lake la kuhesabia.

Ndugu yake Sulayman alitawala kwa mkono wa kubana. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1352, alilalamikia uchoyo wake, lakini akasifu usalama wa barabara. Msafiri hakuogopa mwizi, na mgeni akifa mali yake ilihifadhiwa hadi mwenye haki apatikane.

Aliyeharibu ni Mari Djata wa Pili, mjukuu wa Musa. Alitapanya hazina mpaka akauza kwa bei ya kutupa jiwe kubwa la dhahabu lililokuwa fahari ya ukoo, wakalinunua wafanyabiashara wa Misri. Alikufa kwa malale karibu mwaka 1374. Baada yake vikaja vita vya kugombea kiti. Watuareg waliichukua Timbuktu miaka ya 1430, na Sonni Ali wa Songhai akaitwaa mwaka 1468. Wareno nao walijenga ngome Elmina mwaka 1482 na kuanza kuivuta dhahabu kuelekea baharini. Songhai yenyewe ilipigwa na bunduki za Morocco huko Tondibi mwaka 1591.

Ibn Battuta huyo huyo alikuwa amefika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyesifika kwa ukarimu kama Musa. Kilwa nayo iliishi kwa dhahabu ya Sofala iliyopita mikononi mwake, na Wareno waliivamia mwaka 1505. Dola hizi zote zilikula kwenye njia. Njia ilipohama, zikafa njaa.

Baba mdogo sasa ni marehemu. Simlaumu kwa kugawa, maana anayerudi mikono mitupu huumia zaidi. Ila ndugu yangu unayejiandaa kurudi, kabla hujaanza kugawa, weka pembeni nauli, mbegu za msimu wa kwanza na chakula cha miezi mitatu. Mansa Musa alikuwa na nchi nzima ya kumlipia deni. Wewe na mimi tuna shamba moja.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.