Zoltán Kodály na Nyimbo Alizowaandikia Watoto

Wapenzi wa muziki mtakatifu humkumbuka Zoltán Kodály hasa kwa Missa Brevis yake, iliyoimbwa mara ya kwanza Februari 1945 katika chumba cha kuwekea makoti cha jumba la opera la Budapest, mji ukiwa umezingirwa na vita. Leo tunapenda kumtazama kwa kazi nyingine, ndogo kwa ukubwa wake: nyimbo alizozitunga kwa ajili ya watoto na vijana, ziimbwe kwa sauti tupu bila kinanda.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1882 huko Kecskemét, nchini Hungaria. Baba yake alikuwa mkuu wa kituo cha reli, akapenda kupiga fidla nyumbani. Akiwa kijana katika mji wa Nagyszombat, Zoltán aliimba katika kwaya ya Kanisa Kuu, na humo ndimo alimozifahamu Misa za watunzi wakubwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1905, alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima, kazi aliyoshirikiana na rafiki yake Béla Bartók.

Hadi kufikia umri wa miaka arobaini hakuwa amewajali sana watoto. Mwaka 1923 utunzi wake Psalmus Hungaricus ulimpatia sifa kubwa, na baadaye sauti za wavulana wa shule zilipoongezwa katika kazi hiyo, alishangazwa na usafi wake. Mwaka 1925, akitembea katika vilima vya Buda, alisikia wasichana waliokuwa wakisomea ualimu wakiimba. Nyimbo zenyewe zilikuwa duni, naye akasikitika sana: hao ndio ambao kesho wangewafundisha watoto wa taifa zima.

Angeweza kulalamika tu. Yeye aliketi akatunga. Mwaka huohuo alitoa Villő, iliyotokana na desturi ya wasichana wa vijijini ambao siku ya Jumapili ya Matawi hubeba matawi yaliyopambwa na kuuaga msimu wa baridi. Utunzi wa namna hii ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Besi hakuna, sauti zote ziko karibukaribu, na kinanda cha kuficha kosa hakipo. Ni lazima kila sauti ipewe wimbo wenye maana, la sivyo mtoto wa sauti ya pili atachoka na kuhamia ya kwanza. (Walimu wetu wa kwaya wanalijua jambo hili vizuri.) Kodály alitaka watoto watafute ulinganifu kwa kusikilizana wao kwa wao, si kwa kukifuata kinanda.

Utunzi tunaoupenda zaidi ni Malaika na Wachungaji, wa mwaka 1935. Watoto hugawanyika katika kwaya mbili. Malaika wanaimba Gloria kwa Kilatini. Wachungaji wanaitikia kwa Kihungaria, kwa maneno na midundo ya kijijini, kama watu walioamshwa usiku wakaanza kukimbia. Hatujui somo la katekisimu linaloweza kumweleza mtoto Noeli vizuri hivyo.

Walikuwapo waliomwona kuwa mtunzi wa hadhi yake anajishusha. Mwaka 1929 aliandika makala akitetea msimamo kwamba hakuna mtunzi aliye mkubwa mno kuwaandikia wadogo, na kwamba wimbo mbaya humwachia mtoto kovu la maisha. Ili watoto waweze kusoma nota wenyewe, alipendekeza solfa iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza, yaani ile do, re, mi ambayo kwaya zetu za parokia zinaisoma hadi leo.

Mwaka 1950 ilifunguliwa huko Kecskemét, mji aliozaliwa, shule ya msingi ambamo watoto waliimba kila siku ya masomo. Alifariki dunia Budapest tarehe 6 Machi 1967, akiwa na umri wa miaka 84.